Kabla hujaandika malengo ya mwaka ujao, fungua kwanza kalenda ya mwaka huu

Msimamizi_Kimya (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mwaka ndio huo unayoyoma, na najua wengi humu mnaosimamia watu mmeshaanza kuandika maazimio. "Nitasikiliza zaidi." "Nitakasimu zaidi." "Nitatenga muda wa kufikiri." Fukua faili la mwaka jana uone kama hayamo humo humo, pengine hata kwa mpangilio uleule.

Hoja yangu ni moja. Tathmini ya mwaka inayofanywa kwa kichwa kitupu, bila karatasi yoyote ya ushahidi mezani, ni masimulizi. Unajisimulia mwaka wako, wewe ndiye mhusika mkuu, wewe ndiye mhariri. Mshindi anajulikana kabla hujaanza.

Kuna jaribio la zamani ninalolipenda sana. Mwaka 1972 Rais Nixon wa Marekani alifunga safari ya China, kisha ya Muungano wa Kisovieti. Kabla hajaondoka, watafiti wawili, Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, waliwaomba watu wakadirie uwezekano wa mambo kadhaa: je, atakutana na Mao, kiongozi wa China? Je, pande mbili zitakubaliana jambo fulani? Safari zilipokwisha, wakawarudia watu wale wale na kuwaomba wakumbuke makadirio yao wenyewe. Mambo waliyoamini kwamba yametokea, wengi walikumbuka kuwa waliyapa uwezekano mkubwa kuliko ule waliouandika kwa mkono wao. Matokeo yalichapishwa 1975. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Kumbukumbu ilishajirekebisha yenyewe ifanane na yaliyotokea.

Sasa lete hilo ofisini. Yule mfanyakazi mzuri aliyeacha kazi katikati ya mwaka, leo unasema "nilimwona tu, alikuwa njiani." Mteja mkubwa aliyesaini, "nilijua tangu kikao cha kwanza." Kama ulijua kila kitu, basi mwaka haukukufundisha kitu, na utaingia mwaka mpya na makadirio mabovu yaleyale.

Ongeza na hili: mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionyesha miaka ya 1990 kwamba tukikumbuka jambo lililochukua muda, hukumu yetu hubebwa na kilele chake na mwisho wake, na urefu wake karibu hauhesabiki. Ukifunga Desemba kwa mkataba mnono, mwaka mzima unanukia vizuri. Ukifunga kwa ugomvi na mkurugenzi, miezi kumi ya kazi safi inafutika.

Kwa hiyo nashauri: anza na kalenda. Ifungue Januari, shuka nayo wiki kwa wiki, kalamu mkononi. Usitafute mafanikio. Tafuta muda ulikwenda wapi. Vikao gani viliahirishwa mara kwa mara, na ni vya nani? Mara nyingi utakuta ni vile vya kuzungumza ana kwa ana na mtu wa chini yako, kwa sababu yeye hawezi kulalamika. Yale masaa uliyoyatenga "kwa ajili ya mikakati", mangapi yalibaki salama? Nani ulikutana naye kila wiki, na nani hukumwona robo mwaka nzima ingawa jina lake umeliandika kwenye orodha ya watu unaowaandaa kushika nafasi kubwa?

Ukimaliza kalenda, ingia kwenye barua pepe na utafute ujumbe wa aina ya "tunasubiri idhini yako". Hapo ndipo penye utamu. Angalia ni maamuzi ya aina gani yalikuwa yakija kwako Januari, na ni yapi kati ya hayo Desemba hayaji tena kwa sababu kuna mtu mwingine anayeyafanya, na anayafanya vizuri. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kukua kiuongozi. Kozi ulizosoma, vyeti, mialiko ya kuzungumza kwenye makongamano, vyote weka pembeni. Kama orodha ya yanayokusubiri wewe ni ndefu kuliko ilivyokuwa mwanzo wa mwaka, umekua kiumuhimu, na hilo ni jambo tofauti kabisa.

Karibuni tujadili.

Kijana_wa_Mauzo

Mkuu, heshima kwako, ila kwetu mauzo haya mambo hayana kona nyingi. Nimevuka lengo. Timu yangu imevuka lengo. Tathmini ipi tena? Namba zimeshasema.

Mama_Takwimu

@Kijana_wa_Mauzo hongera kwa lengo, kwa dhati kabisa. Lakini mimi kazi yangu ni namba, na nakwambia namba zinasema kilichotokea, hazisemi kwa nini.

Watafiti Jonathan Baron na John Hershey walifanya majaribio yaliyochapishwa 1988. Waliwapa watu visa vya maamuzi, kwa mfano daktari aliyeamua mgonjwa afanyiwe upasuaji, wakawaambia na matokeo yake. Taarifa aliyokuwa nayo daktari wakati wa kuamua ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kama mgonjwa alipona au alikufa. Aliyepona, daktari alionekana ameamua vyema. Aliyekufa, daktari huyohuyo akaonekana ameamua vibaya. Na haya ni maamuzi yaleyale!

Kwa hiyo kabla hujasherehekea, chukua mikataba yako mikubwa ya mwaka huu, mmoja mmoja. Upi uliletwa na kazi yenu, na upi uliletwa na mshindani aliyeishiwa bidhaa au bei iliyobadilika sokoni bila nyinyi kugusa chochote? Kisha chukua mlioupoteza. Kuna mmoja humo mliufanya sawasawa kila hatua na bado ukaponyoka. Huo ndio wa kuulinda, maana meneja mwenye hasira atabadilisha utaratibu mzuri kwa sababu ya bahati mbaya moja. Na ushindi wa kizembe ndio wa kuuogopa zaidi, kwa sababu hakuna anayeukagua. Kikao cha "tulikosea wapi" kinaitishwa haraka sana. Kikao cha "tulipataje hiki, na tungekikosa vipi" sijawahi kuona kikiitishwa na mtu wa mauzo. Samahani.

Kijana_wa_Mauzo

Hahaha dada umenipiga pabaya. Kuna mmoja mkubwa mwaka huu ulikuja wenyewe kabisa, tuliutolea hadi picha ya pamoja. Nitakaa nao.

Mzee_wa_Zamu

Nimesoma mada yote. Nakubaliana na mleta mada kuhusu kumbukumbu, ila nampinga kuhusu mwaka. Mwaka ni mrefu mno. Ukisubiri Desemba ujiulize kilichotokea Februari, unachofanya ni kuchunguza maiti iliyokwisha kuzikwa.

Waliojua kazi hii hawakusubiri. Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliandika kwamba kila usiku taa ikishazimwa na mkewe akishanyamaza, alikuwa akiipitia siku yake yote bila kujificha lolote. Ignatius wa Loyola, ambaye shirika lake la Wajesuiti lilipata kibali cha Papa mwaka 1540, aliwafundisha wafuasi wake kujichunguza dhamiri, na mpaka leo wengi wao hufanya hivyo mchana na usiku.

Ukitaka mfano usio wa dini, angalia jeshi la Marekani. Tangu miaka ya 1970 wana utaratibu wa kukaa chini mara tu zoezi linapokwisha, jasho halijakauka. Maswali yanajulikana: tulikusudia nini kitokee? Kimetokea nini? Kwa nini kuna tofauti? Tunaendelea na lipi na tunarekebisha lipi? Askari wa cheo cha chini anaweza kusema mbele ya kamanda kwamba amri ilichelewa, na ndiyo maana ya kikao chenyewe. Kampuni nyingi zimeiga, nyingi zimeiharibu kwa kukigeuza kikao cha kutafuta mchawi.

Mimi kwenye zamu zangu tunafanya hivyo kila mradi unapofungwa. Desemba ikifika sina kipya cha kugundua, na sioni aibu kusema hivyo.

Msimamizi_Kimya

@Mzee_wa_Zamu shikamoo mzee. Sipingi hata moja, na anayefanya hivyo kila mradi amenizidi mbali. Ila kuna vitu ambavyo mradi mmoja hauwezi kukuonyesha. Kila mradi una sababu yake ya kuchelewa: mara mtoa huduma, mara bajeti, mara mgonjwa. Ukiipanga yote ya mwaka mezani ndipo unaona kwamba minne ilichelewa mahali pamoja, kwenye meza moja, na meza yenyewe ni ya kwako. Hilo halionekani kwa kuangalia mradi mmoja mmoja.

Halafu kuna suala la ari. Mwaka 2014 Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walichapisha utafiti kuhusu nguvu ya mianzo mipya. Waliona kwamba watu huenda zaidi kwenye mazoezi mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi, mwanzo wa mwaka, hata baada ya siku ya kuzaliwa. Tarehe yenyewe haina uchawi, ila inampa mtu ruhusa ya kujitenga na yule aliyeshindwa jana. Maadamu ari hiyo inakuja yenyewe Januari, bora imkute mtu ana ushahidi mkononi kuliko imkute na matamanio matupu.

BiMkubwa_Operesheni

Wanangu mnazungumza kalenda, barua pepe, namba. Hakuna hata mmoja aliyesema waulizeni mnaowaongoza. Nyani haoni kundule! Unaweza kuisoma kalenda yako mpaka macho yatoke, haitakwambia kwamba watu wakikuona unakuja wanabadilisha mazungumzo.

Nilifanya kazi mahali ambapo mkurugenzi alituma fomu ya maoni "isiyo na majina" kwa watu watano. Watano! Kila mtu aliandika kwamba mkurugenzi ni msikivu. Alifurahi sana, akaisoma kwenye sherehe ya kufunga mwaka.

Kuna jambo mtafiti Amy Edmondson aligundua akichunguza makosa ya dawa kwenye timu za hospitali, utafiti uliotoka 1996. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu nzuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Baadaye ikaeleweka kwamba zilikuwa zinayataja makosa yao, wakati nyingine zilikuwa zinayaficha. Kwa hiyo bosi anayeniambia "mwaka huu kwangu hakujatokea tatizo lolote", mimi swali langu la kwanza ni: nani angekwambia?

Sasa kuuliza kuna namna yake. Usimwite mtu ofisini ukafunga mlango ukamwuliza "unanionaje kama kiongozi?" Unamtesa tu. Hilo ni swali la kuombea sifa na yeye anajua. Uliza kitu kidogo, cha kazi, chenye jibu: "Mwaka huu, ni lini nilikuongezea kazi bila sababu?" Au: "Kuna kitu ulikuwa unataka kuniambia ukaona bora uache?" Kisha nyamaza. Wengi mnashindwa hapo. Mtu akianza tu kusema, meneja anadakia "unajua siku ile ilikuwa hivi..." Basi, mlango umefungwa, na mwakani utaambiwa wewe ni msikivu.

Akishasema, chukua jambo moja dogo kati ya aliyoyasema ulibadilishe ndani ya wiki hiyo hiyo, waziwazi. Hata kama ni kikao cha Ijumaa jioni kinachowachosha watu. Watakuja wenyewe na makubwa.

Sina_Cheo_Bado

Uzi mtamu, naweka kambi. Ila mbona mnazungumzia mabosi tu? Mimi ni afisa wa kawaida, hakuna aliye chini yangu. Hizi idhini za kusubiriwa sina. Nijipime vipi?

BiMkubwa_Operesheni

@Sina_Cheo_Bado mwanangu, angalia ahadi. Mwaka huu uliwaambia watu "nitakuletea Jumatano" mara ngapi, na Jumatano ilikuwa Jumatano kweli? Waulize wale wanaopokea kazi kutoka kwako, idara ya jirani, si bosi wako. Bosi anaona ripoti iliyokamilika. Wao wanaona namna unavyofanya kazi.

Na angalia nani anakufuata kukuuliza jambo ilhali halazimiki. Kama wapo, umeshaanza kuongoza, cheo kitakukuta njiani au kisikukute.

Mtilia_Shaka

Nitakuwa mkorofi kidogo, mnisamehe. Haya mambo ya kujitafakari yamekuwa biashara. Kuna daftari la kununua, semina ya kulipia, mtu wa kukuongoza "kugundua kusudi lako". Mtu anatoka huko anang'aa, Jumatatu anawafokea watu kama kawaida. Pili, kalenda yangu siipangi mimi. Inapangwa na waliojuu. Nikiikagua nitagundua nini zaidi ya kwamba mimi ni mtumwa wa vikao?

Msimamizi_Kimya

@Mtilia_Shaka kuhusu semina tuko pamoja, ndiyo maana hapa hakuna cha kununua zaidi ya kalenda uliyonayo tayari.

La pili ni zito. Lakini jaribu kugawanya. Chukua vikao vya mwezi mmoja tu, weka alama kwa vile ambavyo usingekwenda, kazi ingeharibika. Weka alama nyingine kwa vile ulivyokwenda kwa sababu jina lako lilikuwa kwenye mwaliko. Nenda na karatasi hiyo kwa bosi wako, umwambie ni vipi ungependa viende kwa mtu wa timu yako. Kulalamika kwamba una vikao vingi hakumgusi mtu. Karatasi inazungumzika.

Na kuna swali moja la kumwuliza mtu anayejiona amefungwa. Mwaka 1985 kampuni ya Intel ilikuwa inazama kwenye biashara ya chipu za kumbukumbu, ile iliyowajengea jina, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikuwa wamewazidi. Andy Grove, rais wa kampuni wakati huo, alimwuliza mwenzake Gordon Moore, mtendaji mkuu: tukifukuzwa, bodi ikaleta mkuu mpya, atafanya nini? Moore akajibu kwamba atatoka kwenye biashara ya kumbukumbu. Grove akauliza kwa nini basi wao wawili wasitoke mlangoni, warudi, walifanye wenyewe. Wakalifanya, kwa maumivu makubwa, na kampuni ikaelekeza nguvu kwenye vichakataji, zile chipu zinazoendesha kompyuta.

Nawe jiulize hivyo hivyo kuhusu meza yako. Ukiondoka leo, aliyechukua nafasi yako atafuta nini wiki ya kwanza? Mara nyingi jibu linakuja kabla hujamaliza swali.

Mtilia_Shaka

Ripoti ya kila Jumatatu. Haisomwi na mtu. Sijui kwa nini bado naiandika.

Mama_Takwimu

Sasa mleta mada, tuseme mtu hana kumbukumbu zozote zilizoandikwa mwaka huu. Kalenda yake imejaa vikao vilivyoandikwa "kikao". Afanyeje?

Msimamizi_Kimya

Mwaka huu aokoe anachoweza: kalenda, barua pepe, na kuwauliza watu kama BiMkubwa alivyoeleza. Ila aanze mapema kuutengenezea mwaka ujao ushahidi.

Njia ninayoijua ni ile aliyoieleza Peter Drucker, mwandishi mashuhuri wa mambo ya usimamizi, katika makala yake ya 1999 kuhusu kujisimamia. Kila unapofanya uamuzi mkubwa, andika unatarajia nini kitokee. Baada ya miezi tisa au kumi na miwili, linganisha na kilichotokea. Yeye alisema aliifanya kwa miaka mingi na kila mara matokeo yalimshangaza.

Mimi naongezea kidogo. Naandika tarehe, uamuzi wenyewe kwa sentensi moja, njia niliyoikataa na kwa nini, ninachotarajia, na nina uhakika kiasi gani kwa asilimia. Hiyo asilimia ndiyo inayouma baadaye. Ukikuta kila ulipoandika 90 nusu yake haikutokea, umejifunza kitu ambacho hakuna semina ingekufundisha. Maamuzi yenyewe ni machache kuliko unavyodhani: kuajiri, kumwachisha mtu, kuingia au kutoka kwenye biashara fulani, kumpandisha mtu cheo, kupandisha bei. Usiandike kila kitu, utachoka wiki ya pili.

Usiandike baada ya matokeo kuanza kuonekana. Na usirudi kufuta.

Kijana_wa_Mauzo

Swali la mwisho kutoka kwangu. Wakati wa tathmini ya rasilimali watu unafika wiki ijayo. Haya yote, yale ya mkataba wa bahati na ahadi zilizochelewa, niyaandike kwenye fomu yao?

BiMkubwa_Operesheni

Hapana mwanangu. Fomu ile ina mshahara na cheo ndani yake, na kila mtu anayeijaza anajua. Ukichanganya, utaanza kuandika daftari lako kwa lugha ya fomu, na hapo umelipoteza. Fomu jaza kwa ukweli, ila kwa yale wanayouliza. Daftari liwe la kwako.

Mama_Takwimu

Naongezea tu: ukiwa na daftari, fomu inajazwa haraka. Una tarehe, una mifano. Wenzio watakuwa wanakuna vichwa wakijaribu kukumbuka Machi walifanya nini.

Mzee_wa_Zamu

Nami nimefungua kalenda, nikidhani nawafurahisha vijana. Kuna msaidizi wangu nilimwandikia mazungumzo kila mwezi tangu Januari, nimeona yaliyofanyika ni machache mno. Nimemtumia mwaliko wa kesho asubuhi. @BiMkubwa_Operesheni, lile swali la "ukaona bora uache", unauliza mwanzo wa mazungumzo au mwisho?

BiMkubwa_Operesheni

Katikati, kaka yangu. Mwanzo bado anakupima, mwisho ameshashika daftari lake anataka kuondoka. Anza na kazi yake, mwache aeleze, kisha uliza.